Udongo wa kutengeneza: historia ya mboji na somo lake kwa jamaa za Nundu

Ukipita leo barabara ya Uvira kwenda Baraka, kuanzia Makobola, Swima na Mboko hadi Nundu na Lusenda, utaona jambo moja kila mahali: watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Wako wenyeji. Wako ndugu zetu Warundi waliovuka mpaka tangu mwaka wa 2015, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kwa ajili yao. Ziko jamaa zilizoteremka kutoka milimani, upande wa Itombwe na Minembwe, kila vita ilipowaka. Tena maji ya ziwa Tanganyika yalipopanda miaka hii, hasa mwaka wa 2021 na wa 2024, yalimeza nyumba na mashamba ya ufukweni.

Kwa hiyo mama aliyekuwa na shamba la mihogo na maharagi kule juu, leo yuko katika chumba cha kuazima, na nyuma ya nyumba ana nafasi ya hatua 4 kwa 5. Anauliza swali ambalo wasikilizaji wengi wanaliuliza: mtu asiye na shamba apande wapi? Na udongo mzuri autoe wapi?

Swali hili si jipya. Katika eneo letu la Afrika ya Mashariki limeulizwa na watu wengi waliofukuzwa na vita au waliosongamana mahali padogo. Baadhi yao walipata jibu lililowasaidia wajukuu wao hadi leo. Makala haya yanaeleza historia hiyo, kisha yanarudi Nundu kuona tunaweza kuitumia namna gani.

Njia mbili za kupata udongo wa kitalu

Mche mdogo wa nyanya, wa biringanya au wa mti hauhitaji shamba kubwa. Unahitaji udongo kidogo tu, lakini udongo huo uwe laini, uwe mwepesi, ushike maji bila kutuama, na uwe na chakula cha mmea. Watu wa pepinieri wanajua: udongo wa kawaida wa barabarani ukiutia kwenye sashe, utashikana kama tofali na mche utadumaa.

Duniani kote watu wamepata udongo wa namna hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuchimba mahali ulipo. Njia ya pili ni kuutengeneza.

Njia ya kuchimba ilifika mbali sana huko Ulaya. Kule kuna vinamasi vya baridi ambamo majani na mimea iliyokufa haiozi ikaisha, kwa sababu maji yanazuia hewa kuingia. Mimea hiyo inalala tabaka juu ya tabaka, mwaka hata mwaka, mpaka inakuwa kitu cheusi au cha kahawia, chepesi, kinachofanana na sponji. Kwa Kifaransa kinaitwa tourbe. Sisi hapa tuseme turbe. Zamani watu wa Ulaya waliikausha na kuichoma kama kuni. Baadaye wenye bustani waliona kwamba inashika maji vizuri na haina mbegu nyingi za magugu. Katika miaka ya 1930, kwenye taasisi ya John Innes huko Uingereza, wataalamu waliweka kipimo kimoja cha udongo wa miche ya kuhamishia: sehemu 7 za udongo mzuri wa shamba, sehemu 3 za turbe, na sehemu 2 za mchanga. Baada ya vita ya pili ya dunia, makampuni yaliona ni rahisi zaidi kuuza turbe karibu yenyewe tu, iliyochanganywa na mbolea ya kiwandani. Ni nyepesi kusafirisha, na kila mfuko unafanana na mwingine. Tangu hapo mamilioni ya maua na mboga za Ulaya yanaanzia maisha yao ndani ya turbe.

Shida yake ni muda. Kwa kawaida turbe inaongezeka kama milimita 1 tu kwa mwaka. Piga hesabu: sashe ya mche yenye kina cha sentimita 15 ikijazwa turbe, inakuwa imebeba kazi ya miaka 150. Tena turbe ikitolewa majini na kukauka, ile kaboni iliyolala humo miaka elfu inarudi hewani na kuongeza joto la dunia. Ndiyo sababu nchi kadhaa za Ulaya zimeanza kuikataa bustanini. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba itapiga marufuku kuwauzia turbe watu wa bustani za nyumbani kabla ya mwaka wa 2024 kwisha, ingawa mwaka huo uliisha sheria ikiwa haijapita. Wanachotumia badala yake ni mboji ya takataka za mimea, maganda ya miti yaliyooza, na nyuzi za maganda ya nazi.

Turbe iko na kwetu

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye hazina kubwa zaidi ya turbe katika ukanda wa joto. Mwezi wa 1 mwaka wa 2017, watafiti wa Uingereza na wa Congo-Brazzaville, kati yao Simon Lewis, Greta Dargie na Suspense Ifo, walitangaza katika jarida la Nature kwamba bonde la kati la mto Congo, katika nchi zote mbili za Congo, lina turbe kwenye eneo la kilomita za mraba 145,500, na ndani yake mna kaboni kama tani bilioni 30. Mwaka wa 2022 hesabu mpya ilipandisha eneo hilo hadi kilomita za mraba 167,600, sehemu kubwa ikiwa upande wetu. Turbe hiyo ilianza kujengeka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Karibu zaidi na sisi, majirani wanaichimba kwa ajili ya moto. Burundi iliunda shirika la serikali la turbe, ONATOUR, mwaka wa 1977, na kwa miaka mingi kambi za jeshi na magereza yamepika kwa turbe kutoka mabondeni. Rwanda inaiita nyiramugengeri, na huko Gishoma, wilaya ya Rusizi, ng'ambo tu ya Bukavu, ilijenga mtambo wa umeme wa megawati 15 wa kutumia turbe.

Hapa Nundu hakuna anayenunua turbe dukani ili apande nyanya. Hata hivyo kitendo cha kuchimba tunacho. Mtu akitaka kujaza sashe za pepinieri, mara nyingi anakwenda bondeni kutoa ule udongo mweusi wa kinamasi, au anapanda msituni kukwangua udongo wa juu chini ya miti. Akiwa mmoja, si neno. Wakiwa mamia ya jamaa, bonde linabaki mashimo yenye maji, mwenye bonde anakuja juu, na msitu unapoteza ngozi yake. Aliyehamishwa na vita anakuwa wa kwanza kulaumiwa, na ugomvi wa udongo unazaliwa mahali ambapo ugomvi tayari ni mwingi. Kwa hiyo njia ya pili, ile ya kutengeneza, inatuhusu sana.

Waliofukuzwa wakatengeneza udongo

Tuanze kusini mwa Tanzania, katika milima ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Huko wanaishi Wamatengo. Katika karne ya 19 Wangoni waliingia eneo lile wakitokea kusini, wakipiga vita na kuchukua watu na mifugo. Wamatengo walikimbilia milimani, upande wa Litembo, wakajificha hata mapangoni. Kwa hiyo walijikuta wengi, mahali padogo, kwenye miteremko mikali ambako mvua moja inaweza kuteremsha shamba lote bondeni. Hawakuweza tena kufanya kama zamani, kulima hapa miaka miwili, kisha kuhama na kuacha msitu ujirudie.

Hapo ndipo ilipokomaa kazi yao inayoitwa ngoro, maana yake mashimo. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume wanafyeka nyasi ndefu na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unaonekana umechorwa miraba. Kisha wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya zile nyasi. Shimo linabaki katikati, na kuta zake nne zina nyasi zinazooza ndani. Maharagi yanapandwa juu ya kuta. Msimu unaofuata yanakuja mahindi. Magugu yanatupwa ndani ya shimo, nayo yanaoza. Baada ya miaka miwili wanahamisha: palipokuwa shimo panakuwa ukuta. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Kazi hii imedumu zaidi ya miaka 100, na wataalamu wa nchi nyingi wamekwenda kuitazama.

Tuje kwenye ziwa letu wenyewe. Upande wa mashariki kusini, juu ya bandari za Kirando na Kasanga ambazo wavuvi wetu wanazijua, kuna uwanda wa Ufipa. Wafipa nao wana matuta makubwa ya duara yanayoitwa ntumba. Nyasi zikiwa ndefu, wanazipindua pamoja na udongo na kuzifunika ndani ya tuta. Zinaoza humo. Mwaka wa kwanza wanapanda maharagi au mihogo juu ya tuta; mwaka wa pili wanalisambaza tuta na kupanda ulezi. Kila tuta ni fungu la mboji lililotengenezwa mahali pale pale litakapotumika.

Mfano wa tatu ni kisiwa cha Ukara, katika ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe. Ni kisiwa kidogo, ardhi yake ya mchanga, na watu ni wengi sana. Wakara hawakuwa na pa kwenda. Walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakawaletea majani, na samadi iliyochanganyika na majani ikatolewa kwenda shambani. Walipanda pia marejea, mmea unaorudisha nguvu ya udongo, na kuufukia ungali mbichi. Hivyo waliweza kulima uwele katika shamba lile lile mwaka hata mwaka.

Ukiweka mifano hii mitatu pamoja, utaona kwamba kwa Wamatengo na Wakara dhiki ilikuwa ile ile ya Nundu ya leo: watu wengi, ardhi kidogo, na hakuna nafasi ya kuhama tena. Tena hawakupewa mfuko wa mbolea na mtu. Walitumia nyasi, majani, samadi na mikono yao.

Kwa nini wazee wengine hawaipendi kazi hii

Kama mboji ni nzuri hivyo, kwa nini kwetu haikuenea? Sehemu ya jibu iko katika historia ya ukoloni.

Kuanzia mwaka wa 1917, serikali ya Wabelgiji iliweka kilimo cha lazima. Mwanakijiji alipaswa kutoa hadi siku 60 kwa mwaka kwa mazao aliyoamriwa, na mahali pengi zao hilo lilikuwa pamba. Aliyekataa alipigwa faini au kufungwa. Mwaka wa 1933 Wabelgiji wakaunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, makao yake makubwa Yangambi. Hapa Kivu ya Kusini ilikuwa na kituo cha Mulungu, ambacho leo ni cha INERA. Kazi kubwa ya Mulungu ilikuwa kahawa, chai na kwinini, mazao ya mashamba makubwa. Mama wa kijijini na kitalu chake cha sombe na lengalenga hakuwa mtu wa kwanza kufikiriwa.

Wakati huo huo, elimu ya mboji ilikuwa inaandikwa vitabuni. Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore nchini India, alitoa kitabu mwaka wa 1931 kueleza namna ya kupanga takataka za shamba, samadi, majivu na udongo kwa tabaka, kulowesha na kugeuza, ili kupata mboji kwa muda wa miezi 3 hivi. Mengi katika hayo alijifunza kwa kuwatazama wakulima wa Asia. Mwaka wa 1933 shamba moja la kahawa karibu na Kiambu, Kenya, linaloitwa Kingatori, lilianza kufuata njia hiyo, na mashamba mengine ya walowezi yakafuata.

Kwa Waafrika wa kawaida, hata hivyo, mafundisho ya kutunza udongo mara nyingi yalikuja pamoja na fimbo. Nchini Kenya, baada ya vita ya pili ya dunia, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka wa 1947 huko Murang'a watu waligoma. Hawakuwa na chuki na udongo wao. Walichokataa ni kufanyishwa kazi bila kuulizwa, katika ardhi ambayo haikuwa na uhakika wa kubaki yao.

Nawaomba wenye mashirika na viongozi wetu walikumbuke hilo. Mtu akilazimishwa kuchimba shimo la mboji ili tu ahesabiwe kwenye ripoti, ataliacha siku gari la mradi litakapoondoka.

Kutoka shimo hadi gunia

Vita ya mwaka wa 1996 iliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi. Wengi walikwenda Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, na baadhi walikaa huko miaka 10 na zaidi. Mwezi wa 10 mwaka wa 2005 watu walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Wako kati yetu wengi waliokulia kambini, ambako kila jamaa ilikuwa na kipande kidogo tu kando ya nyumba. Kwa hiyo mambo ya kulima mahali padogo si mageni kwa watu wa hapa.

Mfano mwingine wa kulima bila shamba ulitokea Nairobi. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, mwaka wa 2008, watu wa mtaa wa Kibera walikuwa na njaa, na Kibera haina mashamba, nyumba zimebanana. Shirika la Ufaransa la Solidarités liliwasaidia kuanzisha bustani za magunia. Gunia linajazwa udongo uliochanganywa na mbolea. Katikati, kuanzia chini hadi juu, inawekwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke sawasawa. Mboga zinapandwa juu, na pia ubavuni, kwenye matundu yaliyotobolewa. Gunia moja linachukua nafasi ya besheni lakini linabeba miche mingi. Wamatengo walitengeneza udongo mlimani. Watu wa Kibera waliutia katika chombo na kuuweka mlangoni.

Nundu tuna nini cha kuozesha?

Tuna vingi, na vingi tunavichoma au kuvitupa mtaroni. Tuna maganda ya mihogo na ya ndizi. Tuna mabua ya mahindi, mabaki ya maharagi, na makapi ya mpunga mashineni. Tuna mikungu mitupu na makapi ya ngazi pale mawese yanapokamuliwa. Tuna majivu ya jikoni, samadi ya mbuzi na ya kuku, nyasi za kando ya barabara. Sokoni tuna majani ya mboga yaliyonyauka, na ufukweni matumbo na magamba ya samaki.

Kazi yenyewe haina siri. Chagua mahali pa kivuli, palipoinuka, mbali na kisima na mto. Weka chini vijiti au mabua ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la vitu vikavu, kama nyasi na mabua yaliyokatwa vipande; kisha tabaka jembamba la vitu vibichi, kama maganda na majani; kisha samadi kidogo, na udongo kidogo. Nyunyiza maji. Rudia mpaka fungu lifike urefu wa kiuno au zaidi. Fungu likiwa dogo sana halipati joto. Lifunike kwa majani ya migomba ili jua lisilikaushe na mvua isilioshe.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe: ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi au hewa imekosa. Geuza fungu na kuongeza vitu vikavu. Geuza kila baada ya wiki 2 au 3. Baada ya miezi 2 hadi 3 utaona kitu cheusi, kinachovunjika mkononi, chenye harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua.

Usikitumie peke yake kwa mbegu, kwa maana mboji tupu inaweza kuwa kali na kuchoma mizizi michanga. Kipimo kinachotumika sana katika pepinieri za Afrika ya Mashariki ni sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za mboji, na sehemu 1 ya mchanga. Kabla ya kujaza sashe 100, panda kwanza maharagi machache au lengalenga katika kopo moja. Zikiota vizuri na zikabaki kijani, mboji imeiva. Zikigeuka njano na kunyauka, iache wiki kadhaa zaidi.

Kuna mambo ya kukataa. Ufukwe wetu wa Tanganyika unajulikana kwa kipindupindu, kwa hiyo kinyesi cha binadamu kisiingie kabisa katika fungu, na mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kulishika. Mboga zioshwe kwa maji safi. Matumbo ya samaki yafukiwe katikati ya fungu, la sivyo yataita nzi na mbwa. Migomba yenye mnyauko na nyanya zilizokufa kwa ugonjwa zisiwekwe, kwani ugonjwa unaweza kurudi shambani pamoja na mboji. Plastiki, vioo na mawe ya redio yaliyokwisha yatengwe.

Mboji ni ya nani?

Limebaki swali moja ambalo vitabu vya kilimo vinalipita haraka, lakini jamaa zilizohama zinalijua vizuri. Mtu amekodi kipande cha ardhi. Amekileta kutoka hali ya changarawe hadi hali ya kuzaa, kwa mboji ya miezi mingi. Mwaka wa pili, mwenye ardhi anaona mboga zimestawi, anasema: nirudishie shamba langu. Hali kama hiyo inawavunja watu moyo kuliko ukame. Mwenye ardhi naye ana hofu yake: anaogopa kwamba aliyepanda miti na kutengeneza udongo atasema baadaye kwamba shamba limekuwa lake.

Hofu zote mbili ni za kweli, na zinatibika kwa maneno yaliyosemwa mapema. Kabla ya jembe la kwanza, mapatano yaandikwe mbele ya chefu wa kijiji na mashahidi wa pande zote: misimu mingapi, kodi ni franga au ni mazao, miti ipandwe au isipandwe, na ikiwa mwenye ardhi atairudisha kabla ya wakati, atalipa nini kwa kazi iliyofanywa. Karatasi moja iliyotiwa sahihi inaweza kuzuia kesi ndefu.

Asiyepata mapatano ya namna hiyo ana gunia. Hapa ndipo mboji inapofaa kuliko udongo wa kuchimba. Bonde ni la mwenye bonde, na msitu una wenyewe. Lakini maganda ya mihogo ya jikoni mwako ni yako, na mboji utakayoitoa humo ni yako. Siku ukiambiwa hama upande wa pili wa kijiji, au siku amani ikirudi na ukapanda tena milimani, magunia mawili ya mboji na miche yako yanapanda pikipiki pamoja na wewe.

Msimu wa kwanza kwetu unaanza mwezi wa 9, mvua zinaporudi. Fungu likipangwa mwezi wa 6, wakati wa kiangazi ambapo mabua na nyasi kavu ni tele, litakuwa tayari kwa pepinieri ya mwezi wa 9. Kinachokosekana kiangazi ni maji, kwa hiyo maji yaliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yamwagwe juu ya fungu badala ya njiani. Msimu wa pili unaanza mwezi wa 2. Kwa huo, fungu lianze mwezi wa 11. Jamaa 3 au 4 za nyumba jirani, wenyeji na wageni pamoja, zikiunganisha takataka zao, fungu linafika kiunoni kwa wiki chache, na kila mmoja anapata sehemu yake siku ya kuligawa.